Nesi Mpya Analipwa Shilingi Ngapi?

Kazi ya unesi ina mkosi mmoja: ukiuliza mshahara wake unajibiwa mambo ya mbinguni. Muulize dereva wa lori analipwa ngapi. Atakutajia, pengine na chumvi kidogo juu yake. Muulize karani wa benki. Atazungukazunguka, lakini mwisho tarakimu itatoka. Muulize nesi, au muulize yule shangazi anayemshauri binti wa kaka yake ajaze fomu za chuo, na jibu ni lile lile: "Mwanangu, ile kazi ni wito."

Sina ugomvi na wito. Usiku wa manane pale Tumbi, majeruhi wa ajali ya Barabara ya Morogoro wanaposhushwa wanne kwa mpigo, heri ukutane na mtu mwenye wito. Lakini wito hauendi dukani. Kijana wa kidato cha nne, awe wa Kibaha au wa Kisarawe, ambaye Baiolojia na Kemia zake si mbaya, ana haki ya kuuliza bila haya: nikimaliza, naanza na shilingi ngapi? Na sisi tunaopenda historia tuna haki ya kuongeza la pili: hiyo tarakimu ilitoka wapi, nani aliipanga, na kwa nini kila ikitajwa watu huinamisha macho?

Nimezichagua wilaya hizi mbili za Pwani kwa makusudi. Kibaha imekaa juu ya barabara kuu, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Kisarawe imejificha nyuma ya vilima vya Pugu, karibu na jiji kiasi cha kuziona taa zake usiku, lakini ukiteremka kuelekea Maneromango na Mzenga unaweza kudhani jiji ni hadithi ya kusimuliwa tu. Kisarawe ilionja unesi wa wamisionari. Kibaha ilionja unesi wa Uhuru. Katikati ya hizo mbili ndipo mshahara wa nesi wetu ulipozaliwa.

Lakini tuanze mbali kidogo, kwa bibi mwenyewe, Florence Nightingale, ambaye kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, wauguzi wetu huwasha mishumaa na kukumbuka kiapo. Picha yake na taa mkononi tunaijua wote. Kinachosahauliwa ni mfuko wake. Mwaka 1853 alipochukua kazi ya kusimamia hospitali ndogo ya akina mama jijini London hakulipwa hata senti. Aliweza kuishi kwa sababu baba yake, mtu mwenye mali na mashamba, alikuwa akimpa pauni 500 kila mwaka. Hebu rudia kuisoma hiyo tarakimu, ndugu msomaji. Mama wa taa alikuwa na wa kumnunulia mafuta ya taa! Na wala hakuwa mjinga wa kudhani kila msichana ana baba wa namna hiyo. Shule ya wauguzi iliyofunguliwa kwa fedha za mfuko wenye jina lake katika hospitali ya St Thomas, mwaka 1860, iliwapa wanafunzi chakula, malazi, sare na pauni 10 kwa mwaka. Wanafunzi hao, jamani, hata hawajahitimu. Ajabu ni kwamba katika safari ndefu ya kutoka London hadi huku, taa ilifika salama. Zile pauni kumi zikadondoka baharini.

Wito ulitua pwani kwetu na wamisionari. Mwaka 1887 Frieda von Bülow, mwanamke wa kikabaila aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, alitoka Ujerumani akaja Zanzibar na pwani ya Tanganyika kuanzisha kazi ya uuguzi kwa ajili ya koloni lililokuwa likiundwa. Miaka michache baadaye Walutheri wa Kijerumani walipanda vilima na kufungua kituo Kisarawe, kisha wakasogea hadi Maneromango. Waanglikana wa UMCA, ambao makao yao ya zamani yalikuwa Zanzibar, walikihamishia chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani hadi Minaki, Kisarawe, katika miaka ya 1920, na pale Minaki wakawa na hospitali iliyowafundisha vijana wa Kiafrika kazi za tiba.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu hao UMCA, maana bila jambo hilo hutaelewa yanayofuata. Wazungu wao, mapadri kwa manesi, hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, mahali pa kulala na visenti vya matumizi, basi. Hilo lilikuwa jambo la heshima kubwa, na wengi wao walizikwa huku huku kwa homa. Lakini litazame kwa jicho la dresa kijana wa Kizaramo anayefunga vidonda pale Minaki. Bosi wako anafanya kazi kuliko wewe, na halipwi. Utamwomba nyongeza kwa mdomo gani? Yeye hana mke, hana watoto, hana mjomba wa kumlipia mahari ya mtoto. Akizeeka kanisa lake kwao litamtunza. Wewe unavyo vyote hivyo na huna kanisa Uingereza. Hata hivyo mkiwekwa kwenye mizani, yeye ataonekana mtakatifu na wewe utaonekana mpenda fedha. Nadhani pale ndipo neno "wito" lilipogeuka kutoka kuwa sifa ya mtu likawa jibu la mwajiri.

Serikali ya Kiingereza haikuwa na utakatifu wa kuonyesha, ikatumia njia nyingine: ngazi. Hospitali zake zilijaa madresa na wahudumu wa Kiafrika, mwanzoni karibu wote wanaume, na juu yao alikaa sista, Mzungu. (Mpaka leo mgonjwa wa Kibaha humwita msimamizi wa wodi "sista" hata kama sista mwenyewe ni Muislamu wa Mlandizi mwenye watoto watano. Cheo cha mtawa na cha bosi wa wodi viliingia katika Kiswahili kwa mlango mmoja.) Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tume ya Mishahara ya Holmes, katika ripoti yake ya mwaka 1948, iliweka kanuni ambayo vijana wa leo wakisimuliwa hudhani ni utani: Mwafrika au Mhindi akishika cheo sawa na cha Mzungu, alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Mzungu 100, wewe 60. Kazi ile ile, mgonjwa yule yule.

Kwa nesi wa Kiafrika hata hiyo 60 ilikuwa ndoto. Ili ulipwe sehemu tatu za mshahara wa sista, sharti kwanza uwe sista, na mafunzo ya kufikia cheo hicho yalikuwa hayajafunguliwa kwetu. Sheria ya kuwaandikisha wauguzi na wakunga ilipitishwa Tanganyika mwaka 1952, na Baraza lake likaanza kazi mwaka uliofuata. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikaifuta kanuni ya tatu kwa tano. Palepale ikapatikana nyongeza maalumu ya kuwavutia watumishi watokao ng'ambo, kwa hiyo pengo lilitoka mlangoni likarudi kupitia dirishani. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali kubwa ya Princess Margaret, ambayo sasa tunaiita Muhimbili, na mafunzo ya unesi wa daraja la juu yakashika kasi. Hapo ndipo zilipozaliwa zile herufi mbili ambazo kwa miongo mingi zingeamua maisha ya dada zetu: Nesi A na Nesi B. A alisoma miaka mingi zaidi, akaandikishwa, akaanza juu. B aliingia na elimu ndogo, akafunzwa kwa muda mfupi zaidi, mara nyingi katika hospitali za misheni na za wilaya, akaanza chini. Usiku, daktari akiwa hayupo na mama anatokwa damu, herufi haikuwa na maana yoyote. Mwisho wa mwezi ilikuwa na maana yote.

Kisha Uhuru. Tanganyika ilikabidhiwa nchi nzima na madaktari Waafrika wasiozidi kumi na wawili, idadi ambayo Mwalimu Nyerere aliitaja mara nyingi katika hotuba zake. Mwaka ule ule wa 1961 tume nyingine ya mishahara, chini ya Adu, mtumishi mkongwe wa serikali ya Ghana, ilikaa kuitazama mishahara ya nchi ambayo sasa ilikuwa yetu. Swali lilikuwa gumu: je, Mwafrika anayerithi kiti cha Mzungu arithi na mshahara wake? Na kama ndiyo, nani atamlipa dresa wa Maneromango?

Wakati wakubwa wakijadiliana hayo, Kibaha, ambayo wengi waliijua kama vichaka vya kupitia tu ukielekea Morogoro, ikapata bahati. Mwaka 1963 Tanganyika ilitiliana saini na nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, mradi wa pamoja: shule ya sekondari, kituo cha kufundishia wakulima na kituo cha afya. Mapema mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo kile cha afya ndicho kilichokua mpaka kuwa hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, na pembeni yake kikakua chuo cha afya. Kwa hiyo, kijana wa Kibaha anayetaka kuvaa sare nyeupe hana haja ya kupanda basi kwenda mbali. Chuo kipo mtaani kwake.

Mhitimu wa miaka ile hakuuliza kama atapata kazi. Aliuliza atapangiwa wapi. Naomba uishike sentensi hiyo, maana tutairudia. Serikali ilikusomesha kwa fedha yake, ikakuvika, ikakulisha, kisha ikakuandikia barua: ripoti Kisarawe, ripoti Mafia, ripoti Utete. Mshahara ulikuwa wa kawaida, lakini wa kawaida ule ulikuwa na uzito. Kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam baada ya sheria ya 1962 kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Nesi alikaa juu ya hapo, na shilingi ile ilinunua kitu.

Ila kulikuwa na somo la siasa ndani ya bahasha. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga mpango wa JKT kwa mujibu wa sheria, ambao baada ya miezi ya kambini ungewaweka kazini huku wakikatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Mwalimu alikasirika sana. Aliwafukuza kwa mamia, na palepale akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, pamoja na ya wakubwa wengine serikalini. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Mimi, kwa kusoma tu, naona kitendo kile kilikuwa cha kishujaa, na bado naona kilirudisha kitu tulichokiona Minaki. Mkubwa anayejikata mshahara ni mtu mwema. Lakini mbele yake, nani tena atafungua mdomo kudai nyongeza? Padri asiyelipwa alikuwa ameondoka. Rais anayejipunguzia akakaa katika kiti kile kile.

Kwa haki lazima tuseme kwamba siasa ile iliziba pengo kweli. Kima cha chini kilipandishwa hadi shilingi 240 mwaka 1972, kisha 340 mwaka 1974, huku mishahara ya juu ikibanwa. Nesi B wa zahanati alikuwa karibu na mkubwa wake kuliko wakati wowote kabla. Halafu mambo yakaharibika. Ukame, mafuta kupanda bei, Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, maduka matupu. Kima cha chini kilifika shilingi 810 mwaka 1984, na ukitazama kwenye karatasi utasema watu walineemeka. Karatasi hudanganya. Mwaka 1986, baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola moja ilihesabiwa shilingi 40. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imepita 500. Mshahara wa nesi uliongezwa mara kadhaa katika muda huo, lakini ulikuwa kama mtu anayepanda ngazi za jengo linalozama.

Hiki ndicho kipindi cha "miradi", na wasomaji wenye mama zao mahospitalini hawahitaji kusimuliwa. Maandazi ya saa kumi alfajiri kabla ya zamu. Barafu za ukwaju kwenye friji ya shirika. Kuku wa kisasa nyuma ya nyumba, na Kibaha ilikuwa imekaa vizuri kwa biashara hiyo, maana mayai yanakwenda Dar kwa basi la asubuhi. Mshahara ukawa kama tiketi ya kuingilia uwanjani; mpira wenyewe unauchezea nje. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku hospitali binafsi za biashara, kwa hiyo nesi hakuwa na mlango mwingine wa kuuza ujuzi wake ule ule. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa. Zahanati za watu binafsi zikachipua kama uyoga, na ndipo lilipozoeleka neno "patitaimu": asubuhi serikalini, jioni kwa mwenye zahanati. Wengi humlaumu nesi wa miaka ile kwa kunuka usingizi na kujibu wagonjwa ovyo. Wapo waliojibu ovyo, sikatai. Ila mwenye kulaumu akumbuke anamlaumu mtu aliyetoka zamu ya pili.

Pigo lililofuata halikuwa la mshahara hata kidogo. Ni la ile sentensi niliyoomba uishike. Katika miaka ya 1990, serikali ikipunguza wafanyakazi na kufunga ajira kwa masharti ya marekebisho ya uchumi, barua ya kupangiwa kituo ikaacha kuwa haki ya mhitimu. Kwa mara ya kwanza tangu Uhuru nesi mwenye cheti mkononi aliweza kukaa nyumbani. Serikali ililegeza tena baadaye, na mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ulidai zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, vyuo vikaongezwa, vya binafsi vikafuata kwa wingi. Halafu mwaka 2016 ajira zikasimamishwa kupisha uhakiki wa wafanyakazi hewa, na Aprili 2017 orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ikakabidhiwa kwa Rais Magufuli. Viti viliachwa wazi, na foleni ya kuvikalia ilikuwa imeshakuwa ndefu.

Sasa tufike kwenye shilingi zenyewe, maana najua wengine mmeruka kurasa kutafuta hapa.

Wafanyakazi wa afya serikalini wana jedwali lao, TGHS. Katika mwaka wa fedha 2021/22 nesi wa diploma alianza ngazi ya B, shilingi 680,000; wa digrii ngazi ya C, 980,000. Tofauti laki tatu. Ukiambiwa hivyo utasema, basi, nisome digrii nimalize mchezo. Subiri. Tuchukue salari slipu za wasichana wawili niliowabuni mwenyewe, Pili wa diploma na Tatu wa digrii. Pili anakatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, yaani 34,000. Kodi, kwa viwango vya mwaka huo, 45,200. Bima ya afya asilimia 3, 20,400. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 13,600. Anabaki na 566,800. Tatu naye: pensheni 49,000, kodi 110,750, bima 29,400, chama 19,600. Kisha inakuja Bodi ya Mikopo, ambayo tangu mwaka 2016 sheria inairuhusu kuchukua asilimia 15 ya mshahara: 147,000 kwa mkupuo. Tatu anaondoka na 624,250.

Toa hesabu. Laki tatu za kwenye barua zimekuwa 57,450 mkononi. Na Tatu amekaa shuleni miaka miwili ya kidato cha tano na sita, minne ya chuo kikuu, na mmoja wa mazoezi. Pili amesoma mitatu tu baada ya kidato cha nne. Sisemi digrii ni hasara. Deni huisha siku moja, na ngazi ya Tatu ina vipandio vingi zaidi juu. Nasema tu kwamba kwa miaka ya mwanzo, ile miaka ambayo mtu ananunua kitanda na kumlipia mdogo wake ada, zile herufi A na B za zamani zilibaki kuwa nene kwenye barua na nyembamba sokoni.

Tangu hapo viwango vimesogea. Mwaka 2022 kima cha chini serikalini kilipandishwa kwa asilimia 23.3, kutoka 300,000 hadi 370,000, na Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais Samia akatangaza kuanzia Julai kiwe 500,000. Anayetaka kujua ya leo aulize jedwali jipya, lakini namna ya makato ndiyo hiyo hiyo. Na aangalie asichanganye asilimia ya kima cha chini na asilimia ya ngazi yake. Mwaka 2022 wengi walisikia 23.3, wakakimbilia salari slipu ya Julai, wakakuta nyongeza ya kununulia gunia moja la mkaa.

Kwa mwajiri binafsi hali ni nyingine kabisa. Amri ya mishahara ya mwaka 2013, iliyodumu karibu miaka kumi kabla ya kufuatwa na nyingine Januari 2023, iliweka kima cha chini cha sekta ya afya kuwa shilingi 132,000 kwa mwezi. Zipo hospitali binafsi zinazolipa vizuri kuliko serikali. Zipo pia zahanati zilizoisoma amri ile kama ndiyo mshahara.

Sasa wapeleke mabinti zetu kazini. Pili kapata Kibaha mjini. Anapanga chumba Maili Moja au Picha ya Ndege, ana bodaboda ya usiku, anakula kwa mama ntilie, na jijini kumejaa vishawishi ambavyo daladala linamfikisha kwa saa moja. Lakini anaweza kupata zamu za ziada, anaweza kufuga, anaweza kujiendeleza jioni. Tatu kapelekwa Kisarawe, na si Kisarawe mjini. Ni kule chini, Mafizi au Vikumburu. Akikuta nyumba ya mtumishi ina paa, kodi ya chumba ameiokoa. Anaweza kulala na fedha yake nusu haijaguswa. Ila mlango wake utagongwa saa nane za usiku na mume wa mama anayejifungua, na posho ya kuitwa kazini italipwa siku halmashauri itakapokuwa na fedha. Jedwali la TGHS halina mstari wa mlango unaogongwa. Kwa kifungu cha huduma muhimu katika sheria ya kazi ya 2004 mgomo wake umebanwa, na hata madaktari walipogoma mwaka 2012 wakidai anayeanza alipwe milioni 3.5 badala ya 957,700, magazeti yalitaja mshahara wa daktari kila siku. Wa nesi hukuusoma popote. Wenzetu wa Kenya waligoma miezi mitano mwaka 2017 ili angalau watajwe.

Na haya yote ni kwa yule aliyekwisha kupata cheki namba. Kabla ya hapo kuna mtihani wa leseni ya Baraza, kuna kusubiri tangazo, kuna usaili wenye mamia ya watu kwa nafasi chache. Katikati ya hapo ndipo lilipoingia neno jipya: kujitolea. Binti ana cheti, ana leseni, anavaa sare aliyoinunua mwenyewe, anashika zamu ya usiku kama wengine, anachoma sindano, anapokea watoto. Mwisho wa mwezi kituo chenye makusanyo mazuri kinampa posho ya nauli, kisicho nayo kinamshukuru. Wengine wanakaa hivyo mwaka, wengine miaka mitatu. Huo ndio mshahara wa kuanzia wa manesi wengi wa kizazi chetu, na hauko kwenye jedwali lolote.

Lakini angalia nani anaweza kuumudu. Kujitolea Tumbi ukiwa unalala kwa wazazi Kibaha na kula chakula cha mama, inawezekana. Kujitolea hapo hapo ukiwa umetoka Mzenga, unalipa chumba na nauli, haiwezekani zaidi ya miezi miwili. Kwa hiyo anayebaki wodini, anayezoeleka na wakubwa, anayefika kwenye usaili akiwa na barua ya uzoefu, ni yule ambaye nyumbani kwao kuna mtu wa kumlisha. Florence alikuwa na baba wa pauni 500. Baba wa yule binti wa Mzenga anachoma mkaa.

Kwa hiyo shangazi, ukimpeleka binti akajaze fomu, usiishie kuuliza ada ya chuo na mshahara wa kwenye barua. Uliza pia atakula kwa nani tangu siku ya matokeo hadi siku ya cheki namba. Weka akiba ya muda huo kama unavyoweka ya ada.